Kitenge Kilichovuka Peke Yake

Habari ya kifo changu niliipokea nikiwa kibarazani pa ushirika wetu mjini Kamembe, nachambua maharage ya mchana. Aliyeileta ni Hakizimana, dereva mpya wa kamioneti yetu ya mizigo, barakoa imemshuka kidevuni. Alishika kifurushi kwa mikono miwili, akanisogelea kwa heshima, akaniuliza kwa Kiswahili cha Bukavu.

"Pole, Maman. Batu ya marehemu Thacienne njo banani hapa? Banabatumia hii kutoka Bukavu."

"Thacienne gani?"

"Ule wa mchele. Corona ilimuua."

Nilisimama. "Thacienne wa mchele njo mimi."

Hakizimana alirudi kinyumenyume mpaka akaikalia ndoo ya maji ya kunawa mikono, suruali ikalowa yote, naye hakuinuka. Ningecheka, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kile kifurushi. Ungo uliniponyoka, maharage yakatawanyika sakafuni. Nilifungua kifurushi. Ndani kulikuwa na kitenge changu cha buluu chenye ndege, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa kwa adabu kama vitu vya marehemu.

Ili unielewe, lazima nianze na mpaka. Nimekulia Bukavu, upande wa Kongo, nikarudi Rwanda nikiwa mtu mzima, na tangu hapo riziki yangu ni daraja la Rusizi I. Kila asubuhi nilivuka na mchele wa Gikundamvura kichwani, nimeufunika kwa kitenge kile. Ng'ambo alinisubiri Nsimire, mshirika wangu, mwanamke mwenye mdomo kuliko soko zima. Kitenge, au kikwembe kama wanavyokiita wao, alininunulia yeye siku ya ndoa ya binti yake Clarisse, na yeye akavaa cha aina ileile. Kisha corona ikaja, mpaka ukafungwa, na sisi wanawake wa kikapu tukabaki tunaitazama Bukavu kama mbuzi aliyefungwa kamba kando ya shamba la mahindi.

Niyonsaba, prezida wa ushirika wetu, ndiye aliyekataa tufe njaa. Alizunguka maofisini mpaka wakamchoka, akarudi na jibu: watu hawavuki, bidhaa zinavuka. Basi tuunganishe mizigo yetu kwenye gari moja, dereva avuke nayo, na kila mmoja awe na mtu wa kumpokelea ng'ambo. Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi nilinung'unika, kwa sababu nimezoea biashara ya ana kwa ana, ya kugombana na kupatana.

Nilikuwa nimebakiwa na magunia machache tu ya mchele, na huo ndio ulikuwa mtaji wangu wote. Ukiuzika, ningeagiza mwingine. Ukipotea, ningerudi Gikundamvura kulima shamba la kaka yangu na kumsikiliza mke wake akiniita mgeni. Hilo pale ushirikani hakuna asiyelijua.

"Muandike majina juu ya magunia," Niyonsaba alituagiza.

Wenzangu wakaandika. Mimi nikamjibu kwamba Nsimire hasomi, lakini kitenge changu atakijua hata gizani. Nikakifunga juu ya gunia la mbele, fundo zuri kabisa. Kumpigia simu kumwarifu sikuona haja; mizigo yote hushushwa kwenye depo, ghala la soko lao, angekiona tu. Laini yangu ya Kongo ilikuwa imekufa, maana vocha zake zinauzwa ng'ambo, na kupiga Kongo kwa laini ya Rwanda ni ghali.

Sasa sikiliza. Mtu aliyekulia Bukavu anajua, hata awe mjinga wa mambo mengine yote, kwamba nguo ya mwanamke haiendi kwa rafiki yake bila mwenyewe ila siku moja: akishazikwa, ndugu wanapogawa vitu vyake. Mimi nilijua. Nilijua tangu utoto, na bado nilifunga fundo lile nikajisifu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu siku ile zilikuwa zimenyolewa.

"Prezida, nipe simu," nikamwambia Niyonsaba, aliyekuwa ametoka ndani baada ya kusikia kishindo cha ndoo. Namba ya Nsimire ninayo kichwani.

"Allo?"

"Nsimire, ni miye, Thacienne."

Nikasikia yowe, kisha kitu kizito kikianguka, kisha simu ikakatika. Nikapiga tena. Safari hii alipokea Clarisse, anasali kwa sauti.

"Kwa jina la Yezu, weye ni roho ya nani?"

"Roho ya mchele! Patia mama yako simu!"

Nsimire alikuja analia. "Thacienne? Weye njo mwenyewe? Kikwembe ilifika yenyewe, bila weye! Nikapiga namba yako, haipatikane. Nikapiga tena, haipatikane. Nikasema, corona imenikulia muntu yangu. Nilianguka pale kwa depo, bakanibeba."

Maneno yake niliyasikia, lakini akili yangu ilikuwa mahali pengine. "Na mchele? Iko wapi?"

"Tuliikula."

"Mulifanya nini?"

"Tuliikula, Thacienne. Kwa kilio yako. Bamama ba soko bote balipita, moja moja kwa mlango sababu ya corona, na kila moja nilimupakulia sahani. Nilipika yote."

Nilikaa chini, juu ya yale maharage. Yote! Nililiona shamba la kaka yangu, nikaiona sura ya mke wake. Nikapandisha sauti mpaka wapita njia wakasimama.

"Ile ilikuwa mtaji yangu, Nsimire! Ungeuza kwanza, kisha ulie!"

"Niuze?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa kofi. "Mchele ya muntu yangu, amekufa leo, niipime kwa kilo, nibishane bei? Eh, Thacienne. Weye ungefanya vile?"

Nikaanza kuokota maharage, simu sikioni.

Hakizimana, suruali inachuruzika, alikuwa ameenda kufungua nyuma ya gari. "Maman, kuko na hizi pia," aliita. Yalikuwa madumu ya mawese, yamepangwa hadi mlangoni. Kumbe wale akina mama walipokuja kunililia, kila mmoja aliacha mawese kwa ajili ya watu wangu wa Rwanda. Kamembe nzima ilikuwa inakula mboga bila mafuta tangu mpaka ufungwe, na mimi nilikuwa na gari zima la mawese mbele yangu.

"Nitabarudishia," nilimwambia Nsimire, na sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Rambirambi hairudishwe. Uuze, uagize mchele ingine. Hapa banauliza ile ya kilio ilitoka wapi, ilikuwa tamu."

Mawese yaliisha sokoni haraka, wengine wakagombania dumu la mwisho. Mtaji ukarudi, na kaka yangu bado analima peke yake. Siku ya kupakia mchele mpya Niyonsaba alisimama kando yangu, ananitazama.

"Thacienne, kama ni kikwembe ya Nsimire ingekuja hapa na mawese yake, ungefanya nini?"

"Ningepikia batu," nilijibu upesi.

Niyonsaba ananifahamu tangu tulipokuwa tunavuka wote na vikapu. Uso ulinichoma chini ya barakoa.

"Ningeuza," nikasema. "Ningeuza kwanza. Ningelia nikimaliza."

Akanipa kipande cha makaa. Kitenge changu nilikuwa nimekifunga kiunoni, na hakikuwa kinakwenda popote. Niliinama juu ya gunia la mbele nikaandika THACIENNE kwa herufi kubwa, na chini yake nikaandika NIKO MUZIMA. Nsimire hasomi, lakini Clarisse atamsomea.