Kubadilishana Si Kuazima

Marehemu mume wangu, Nazario, alinunua magari kwa kutazama namba. Rangi hakuijali, wala umri wa injini. Gari letu la kwanza, la kijivu, namba yake iliishia na sita, kwa hiyo, kwa sheria ya jiji ya kupunguza moshi, lilibandikwa stika ya njano na kila Jumatatu halikuruhusiwa barabarani. Alipotafuta la pili, aliwakataa wauzaji kadhaa mpaka akampata mwenye gari jekundu linaloishia na tatu, ambalo siku yake ya kulala ni Jumatano.

"Sasa serikali haitanikuta nimekaa nyumbani," aliniambia.

Nusu ya Jiji la Meksiko hufanya hivyo, na nusu nyingine ingefanya kama ingeweza.

Alipofariki, la kijivu lilibaki kwangu. Jekundu likaenda kwa dada yake, Hortensia, ambaye sote tunamwita Tencha. Yeye alikuwa amelitaka la kijivu. Tunaishi mtaa mmoja hapa Portales, na wakati huo tulisalimiana kwa sababu ya majirani tu. Mimi ninafundisha kemia huko Xochimilco. Yeye anaoka keki za kuuza. Magari yote mawili yalikuwa pia na stika ya pili kwenye kioo cha mbele, namba moja, maana yake moshi wake si mchafu sana wala si safi, na gari la namba moja halina ujanja: siku yake ikifika, linalala. Ukikamatwa nalo, unalipa faini, na gari linavutwa hadi yadi.

Bahati ilikuwa kwamba Tencha haoki Jumatatu, nami sina vipindi Jumatano. Tukapatana. Jumatatu niliendesha jekundu lake, Jumatano yeye aliendesha la kijivu langu. Funguo tulipeana jioni ya kuamkia siku yenyewe, tukiwa tumesimama kando ya barabara kama wafanyabiashara wasioaminiana.

"Wifi, gari umelirudisha na njaa," alisema siku moja, akitazama mshale wa mafuta.

"Na wewe langu umelijaza sukari. Sisimizi wamenisindikiza mpaka shuleni."

"Wanajua nani amepungukiwa na utamu."

Jambo moja alilisisitiza tangu mwanzo. "Tuelewane, wifi. Mimi siazimi. Nabadilishana." Alisema kweli. Mama Cuca, mama mkwe wangu, anayeishi naye, husema kwamba Tencha akiishiwa chumvi hula chakula chapwa kuliko kugonga mlango wa mtu.

Februari nililipeleka la kijivu kwenye kituo cha kupima moshi. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwambia fundi abadilishe kisafisha moshi, kile kilicho ndani ya bomba chini ya gari, kwa kuwa kama mwalimu wa kemia nilijua cha zamani kilikuwa kimekufa. Mpimaji aliingiza kifaa chake kwenye bomba, akasubiri, akasoma. Kisha akaikwangua namba moja kwenye kioo akabandika sifuri.

Gari la sifuri halilali. Jumatatu linakwenda, Jumamosi linakwenda. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumapili jioni nilimkuta Tencha kando ya barabara, ufunguo mkononi.

"Kesho silihitaji lako, wifi," nilimwambia.

Alikisogelea kioo, akaisoma stika. "Sifuri. Hongera. Basi na mimi Jumatano silihitaji lako."

"Kwa nini? Lichukue tu. Jumatano mimi siendi popote."

"Wewe huna tena unachotaka kwangu. Nikilichukua, nitakuwa nimeazima." Akautia ufunguo mfukoni. "Usiku mwema."

Nilidhani ni maneno ya wifi, yataisha kwa usingizi. Jumatano asubuhi nilichungulia dirishani nikamwona kando ya barabara na kitoroli cha sokoni, masanduku ya keki yamepangwa juu yake, akisimamisha teksi. Tencha ni bingwa wa keki ya maziwa matatu. Keki hiyo imelowa aina tatu za maziwa. Ukiiinamisha, maziwa yanamwagika na inabaki sifongo. Dereva wa kwanza aliyatazama masanduku, kisha akavitazama viti vyake, akaondoka. Gari langu lilikuwa mlangoni, likiwa na ruhusa ya kwenda kokote, na halikwenda kokote.

Wiki iliyofuata mambo yalikuwa yale yale. Mama Cuca alikuja kwangu akakaa jikoni bila kuvua shali.

"Wale wa kliniki ya Tlalpan wamempigia simu," alisema. "Jumatano mbili keki zimefika zimemwaga maziwa. Wamesema ya tatu ikifika hivyo, wanatafuta mwokaji mwingine."

Nilikuwa naijua kliniki hiyo. Jiko lake lilinunua keki nyingi kuliko wateja wengine wote wa Tencha wakiwekwa pamoja. Ikiondoka, tanuri kubwa litapoa.

"Mama, mpelekee ufunguo huu."

Aliupeleka. Ulirudi kabla ya chakula cha jioni, umewekwa juu ya nusu ya keki.

"Amesema asante," Mama Cuca alinieleza, "na amesema ufunguo wa bure unawasha mkono."

"Mama, huyu binti yako umemlisha nini?"

"Ukaidi, mwanangu. Hata baba yake alikula chungu hicho hicho."

Niliila keki ile nikiwa na hasira. Ilikuwa nzuri mno, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Jumapili hiyo joto lilikuwa kali na hakukuwa na upepo. Alasiri redio ilitangaza tahadhari: uchafu wa ozoni hewani umepita kiwango. Kesho yake magari yote ya namba mbili, yale yenye moshi mchafu zaidi, yasitoke, ya namba moja yanayoishia na shufwa yasitoke. Kisha mtangazaji akaongeza kwamba hata magari ya sifuri yenye stika ya njano yasitoke.

Stika yangu ni ya njano. Jekundu la Tencha, namba moja inayoishia na tatu, lilikuwa huru.

Treni ingenifikisha Xochimilco. Hilo nalisema wazi. Nilivua aproni, nikavuka barabara, nikagonga.

Tencha alifungua akiwa na unga hadi viwikoni.

"Wifi, nimekuja kuazima gari."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuazima."

"Masikio yangu yana unga. Sema tena."

"Ku-a-zi-ma, Tencha. Tahadhari imetangazwa, na kesho nina mitihani."

Alijifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja, akiifaidi kila sekunde. Nyuma yake Mama Cuca alijifanya anatafuta kitu ndani ya sufuria.

"Kumbe sifuri nayo hulala," alisema.

"Hulala."

"Na anayelala huja kwa namba moja."

"Umefurahi? Nipe basi."

"Sijamaliza kufurahi." Lakini ufunguo ulikuwa tayari mkononi mwake. Hakuuachia upesi. "Sasa una deni kwangu."

"Ninalo. Na mimi sipendi deni lilale. Jumatano utachukua la kijivu, tuwe sawa."

Tencha si mjinga.

"Kwa sababu ni deni," alisema.

"Kwa sababu ni deni."

Jumatano keki zilikwenda Tlalpan zimelala sawasawa kwenye kiti cha nyuma cha gari langu, na hakuna tone lililomwagika. Kliniki haikutafuta mwokaji mwingine wiki hiyo. Lakini Jumatano haiji mara moja tu, na tahadhari ilikuwa imekwisha kuondolewa. Tulikuwa sawa, na kuwa sawa ndiko kulikonitia wasiwasi.

Jumapili iliyofuata upepo wa Machi ulivuma tangu alfajiri ukafagia kila kitu. Jioni, kutoka mlangoni kwa Tencha, mlima wa volkano wa Popocatépetl ulionekana wote, theluji na mabega, kana kwamba uko mwisho wa mtaa. Nimeishi hapa miaka mingi, na siku za namna hiyo ni chache. Niligonga.

"Wifi, nimekuja kuazima gari la kesho."

"Wametangaza tahadhari?"

"Bado. Lakini huenda wakatangaza. Hewa siiamini."

Tencha alitoka hadi kizingitini, akaitazama anga iliyooshwa. Akaitazama stika yangu ya sifuri ng'ambo ya barabara. Kisha akautazama mlima, ambao kileleni ulikuwa ukitoa kiwingu chake kidogo cheupe, kama kawaida yake.

"Ni kweli," alisema. "Naona moshi."

Akaingia ndani akaleta ufunguo.

"Tangi liko nusu, wifi. Lirudi nusu."