Gari Lililovalishwa Kwenda Kukaguliwa

Gari letu ni kuukuu kiasi kwamba watoto wa mtaani wameliita Kikohozi, na hawakukosea. Marehemu mume wangu alilinunua likiwa limeshapita mikono mitatu. Alipofariki, wengi walinishauri niliuze. Nikakataa, kwa sababu ya wifi yangu.

Wifi ni dada wa marehemu. Tangu apatwe na kiharusi, mguu wake wa kulia hausikii amri. Kila Jumatatu nampeleka kliniki ya mazoezi, naye hukaa kiti cha nyuma, mguu ameunyoosha kama malkia. Ngazi za basi hawezi kuzipanda. Na pale kliniki ukikosa zamu moja tu, nafasi yako anapewa mwingine, maana wanaosubiri ni wengi. Sasa cheti cha ukaguzi cha gari kilikuwa kinaisha Ijumaa. Gari likikataliwa, Wifi atabaki kitandani.

Nilikwenda kwa fundi jirani, mtu wa makamo anayeinamia injini kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mama, usitengeneze usichoulizwa," aliniambia. "Wao wanatazama breki, taa, matairi, waipa, honi na vitu vya usalama. Tulipime hapa kwanza, tubadilishe vilivyokufa tu."

Vilivyokufa vilikuwa balbu mbili, waipa moja, breki za mbele na tairi moja la mbele. Tairi la akiba lilikuwa bado zima, akalihamishia mbele badala ya kunituma dukani. Alichukua pesa ya vipuri peke yake. Nilipomuuliza ya ufundi, alijifanya anatafuta spana.

"Gari liko tayari," akasema. "Usiliguse tena."

Mtu anayeijua akili yangu angenifunga mikono kabisa.

Nilifika nyumbani nikaanza kutazama viti vya nyuma. Sponji ilikuwa inachungulia kila upande. Nikajiambia, mkaguzi naye ni binadamu, akiona unadhifu moyo wake utalainika. Nilikuwa na mapazia ya zamani yenye maua mekundu makubwa kama sahani. Nikatoa cherehani.

"Wifi," akaniita naye kutoka kitandani, maana tunaitana hivyo, "gari linakwenda kukaguliwa au kuposwa?"

"Nyamaza. Ni wewe utakayekalia maua."

"Nyuki wakija, nitawaelekeza kwako."

Mikanda ya kiti cha nyuma ilinisumbua. Ilituna chini ya kitambaa, ikaharibu maua. Kwa hiyo niliikunja vizuri, nikaisukuma ndani pamoja na vifungio vyake, kisha nikashona juu yake kwa mkono, uzi mara mbili. Mshono wangu haufumuki. Katika maisha yangu ni jambo hilo tu nililowahi kujivunia.

Ijumaa tulikwenda wote wawili, Wifi akidai anakuja kuwa shahidi. Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba, kalamu sikioni. Alimtafutia Wifi benchi kabla hata hajagusa gari. Breki zikapita. Taa zikapita. Honi ilikohoa, lakini ilisikika. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu alipofungua mlango wa nyuma na kupapasa maua.

"Mama, mikanda ya huku iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Chini ya maua."

Akanitazama. "Na nani hukaa hapa?"

Wifi akainua fimbo yake kule kwenye benchi. "Mimi hapa!"

Nilikuwa nimehangaika kumpambia kiti mtu ninayempenda, na katika kuhangaika huko nimemnyang'anya kitu cha kumshikilia.

"Hivi siwezi kulipitisha," mkaguzi akasema polepole. "Tunafunga saa kumi. Lakini bado sijaandika chochote. Egesha pale, nikague la mwenzio." Akatoa wembe mezani kwake akanipa.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini, na miwani nilikuwa nimeiacha juu ya cherehani. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alivua yake akanivisha, bila kuombwa. Nikainama kufumua. Mshono ulikataa. Nikamlaani aliyeshona kwa roho ngumu namna ile, kisha nikakumbuka ni nani.

"Ungeishona ndoa yako hivyo," Wifi akasema, "usingegombana na kaka yangu."

"Nisingegombana naye kama asingekuwa na dada!"

Dereva wa lori alicheka hadi akakaa chini. Halafu akashika pindo la pazia, akalivuta ili nipate pa kukata.

Mkaguzi alirudi akiwa na mkoba begani, saa kumi kasoro kidogo. Mkanda wa kwanza ulitoka. Wa pili ulikataa kufunga, kifungio kimemeza uzi. Alichomoa kibanio nywelani mwake, akachokoa, akatoa uzi mwekundu mrefu. Akauingiza mkanda tena. Ukalia ka! Akautingisha kwa nguvu zake zote, ukashika. Ndipo akachukua kalamu sikioni na kutia sahihi.

"Mama," akasema, "mwakani njoo na sponji tu, bila maua."

Jumatatu tulifika kliniki mapema. Mwalimu wa mazoezi alimshika Wifi kiunoni, wakatembea hadi dirishani na kurudi. Wiki iliyopita waliishia katikati. Mimi nilikaa pembeni nikichomoa nyuzi nyekundu zilizonasa kwenye sketi yangu, ili watu wasione macho yangu yanavyolengalenga machozi. Wifi akapita mbele yangu, jasho linamtoka, akasema bila kugeuza shingo:

"Acha kufumua, wewe. Utabaki uchi."