Visu vya Nchi ya Theluji

Asubuhi alipofungua bucha, Mama Bucha alifuta meza, akatundika paja la ng'ombe kwenye kulabu, kisha akachukua kisu cha mpini mweupe. Hicho kilitengenezwa mashariki ya mbali, ambako jua hutangulia kuchomoza, kwa hiyo kiliamka mapema na kukata kabla hajakaza mkono. Ikifika adhuhuri makali yake yalianza kulegea kama kope za mtu aliyeshiba, maana kwao giza lilikuwa linaingia. Mama Bucha alikiosha, akakilaza juu ya kitambaa, akachukua cha mpini mweusi, alichoachiwa na marehemu mumewe. Hicho kilitoka ng'ambo ya bahari, ambako saa hiyo watu ndiyo kwanza wanapiga mswaki. Visu hivyo viwili vilipokezana miaka yote kama walinzi wa geti, ila vyenyewe havikugombana.

Kila mwenye jiko alijua kwamba kisu hushika saa za kule kilikotengenezwa. Ndiyo maana mnunuzi hugeuza ubapa kwanza asome nchi, hata kabla ya kuuliza bei. Wapishi wa jioni walisifu kuliko vyote visu vya nchi ya theluji, kwa sababu kule kunakucha wakati huku jua linatua. Visu hivyo viliuzwa na mtu mmoja tu, mwenye duka la vioo karibu na benki. Huyo ndiye aliyemwoa binti wa pekee wa Mama Bucha, na tangu siku ya posa mama huyo hakuwahi kumtazama kwa macho yote mawili.

Mchana mmoja mdogo wa Mama Bucha alikuja buchani, kidole kimefungwa bendeji nene. Alikuwa mpishi wa chakula cha jioni hospitalini.

"Dada, wananiachisha kazi."

"Umeiba nini?"

"Sijaiba kitu."

"Umelala na nani?"

"Dada!"

"Nauliza tu. Naanza na ya karibu."

Mdogo mtu akakaa juu ya kreti, akaeleza. Jiko la hospitali lilinunua visu vipya vya nchi ya theluji, makusudi kwa ajili ya jioni. Lakini kila jioni, nyama ikiwa bado nusu, visu vilikufa vyote kwa pamoja. Ikabidi akate kwa nguvu za bega, na kwa nguvu hizo kisu kikateleza kikala kidole. Wagonjwa walikuwa wanacheleweshewa chakula, na wengine walianza kupiga vijiko kwenye vitanda. Alipolalamika, msimamizi wa jiko alimjibu kwamba kisu cha nchi ya theluji hakiwezi kulala jioni, kwao ndiyo kumekucha, kwa hiyo aliyelala ni yeye. Akasema anaviharibu kwa kupigia mifupa. Mwisho wa mwezi aondoke.

Mama Bucha alimtazama mdogo wake kama anavyotazama nyama ya mtu mwingine: nje nyekundu, ndani je?

"Unapigia mifupa?"

"Haki ya Mungu, sipigii."

"Niletee kimoja."

Kililetwa kimefichwa ndani ya aproni. Asubuhi iliyofuata alikijaribu kwenye mshipa mgumu wa shingo, nacho kikapita bila kubishana. Hapo machale yakamcheza. Kule kwenye theluji ulikuwa usiku mkubwa, na kisu chenye heshima zake kingekuwa kinakoroma. Akaendelea kukipeleleza kimya kimya, akihudumia wateja huku jicho moja liko kwenye makali. Kabla ya adhuhuri kililegea kwa muda wa kutosha mtu kunywa chai, kisha kikarudi. Jumatatu kilichelewa kuamka, na kilipoamka kilikuwa na kinyongo. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba kikiwa kazini kilikata vizuri, vizuri kuliko hata cha marehemu.

Siku moja kikafa ghafla katikati ya ini. Taa ya buchani ilikuwa inawaka na feni inazunguka.

"Umeme umekatika kule kwenye mbao," alisema mteja aliyekuwa na simu sikioni. "Mume wangu ndiyo ananiambia."

"Kule kwenye mbao," alirudia Mama Bucha. Akamalizia ini kwa kisu kingine, akafunga bucha, akatia kisu kilichokufa na nyanya kwenye kikapu.

Mtaa wa mbao ulikuwa na vumbi la randa mpaka kwenye madirisha. Alikaa juu ya gogo mkabala na geti la kijani, ambalo nyuma yake mashine ya kunolea ilikuwa imenyamaza. Umeme uliporudi mashine ikaimba, naye akakata nyanya vipande vyembamba vya kuonea mtu ng'ambo ya pili. Mashine ilipozimwa, nyanya iliyofuata ikapondeka mkononi. Gari la mkwewe lilikuwa limeegeshwa pembeni, limefunikwa turubai kama mtu anayejifanya hayupo.

Fundi mmoja akatoka kupunga upepo.

"Mama, nyanya bei gani?"

"Siuzi. Nasubiri mmalize chai."

Fundi alitazama kisu, akatazama nyanya iliyopondeka, akaelewa. "Samahani. Leo chai ni ya moto sana."

"Kwani ninyi ndiyo nchi ya theluji?"

"Ndiyo sisi," alisema, jasho likimtiririka nyuma ya masikio. "Chuma ni springi za malori, mama, chuma safi kabisa. Muhuri wa nchi tunaugonga mwisho, pale kwenye kivuli."

"Na jioni?"

"Jioni tunafunga. Tuna watoto."

Mama Bucha alifika dukani kwa mkwewe jua likielekea kuzama. Visu vilikuwa vimelala juu ya kitambaa chekundu, vinang'aa.

"Mama! Karibu kiti."

"Kiti chenyewe kimetengenezwa wapi?"

Mkwe akacheka, maana mkwe hucheka.

"Natoka nchi ya theluji," alisema Mama Bucha. "Joto la huko, usiombe."

Kicheko kikakatika. Mkwe alifunga kabati la vioo taratibu, kama mtu anayefunika mtoto. "Mama, tafadhali. Wateja wanasikia."

"Asubuhi kisu chako kinakishinda cha marehemu baba mkwe wako. Si ungeandika tu jina la mtaa wa mbao, ukakiuza kwa wapishi wa asubuhi?"

"Mama yangu, nani atanunua kisu cha mtaa anaoupita kila siku ameziba pua?"

"Mdogo wangu anafukuzwa kwa sababu yako."

"Na binti yako anakula kwa sababu hiyo hiyo," alisema mkwe kwa adabu zote. "Na mjukuu wako."

Nje jua likazama. Ndani ya kabati visu vyote vilififia mara moja, na mkwe akawasha taa ya juu ili ving'ae tena.

Mama Bucha hakuishia hapo. Jioni ya pili alimfuata msimamizi wa jiko la hospitali, mtu mwenye funguo nyingi kiunoni, akamwomba asimame naye mezani. Kisu kilikuwa kinachana nyama bila taabu. Alisubiri mpaka saa ya mafundi kwenda nyumbani ikafika.

"Sasa hivi wanafunga geti," alisema.

Kisu kikagoma. Msimamizi alikipokea, akakipitisha juu ya kidole gumba chake mwenyewe, hakikuacha hata mstari. Akachukua cha pili, na cha tatu.

"Ni kweli," alisema. "Hivi ni vya kule kwenye mbao. Hata mimi jana nilihisi vinanukia randa."

"Basi mdogo wangu anabaki kazini."

"Hapana."

"Hapana vipi, bwana mkubwa?"

"Wakubwa nimeshawaambia mharibifu ni yeye. Nikisema si yeye, watauliza ni nani. Na visu nilichagua mimi." Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kituoni. Kisha akamkaribisha maji.

Mwisho wa mwezi mdogo mtu akaondoka. Msimamizi na mkwe walizungumza wakakubaliana kiungwana: visu visibadilishwe, ila nyuma ya geti la kijani kazi iendelee jioni mpaka wagonjwa wawe wamekula, ili makali yasilale. Ikahitajika mikono ya jioni. Mkwe, ambaye ndugu wote walisema ana moyo mkubwa, alikwenda mwenyewe kwa mdogo mtu, akapiga hodi, akamwita mama mdogo kwa upole, akampa aproni mpya na kazi ya kugonga muhuri. Ndugu walimsifu mpaka chai ikapoa. Mama Bucha alikaa kwenye kona akitafuta la kushuku, hakulipata. Kila kitu kilikuwa wazi, na kila kitu kilikaa vile vile.

Jioni moja alipeleka mifupa ya supu hospitalini. Mpishi mpya alikuwa anakata karoti kwa kasi. Katikati makali yakalegea kidogo. Binti wa watu hakushtuka. Aliweka mkono kiunoni, akangoja, na kisu kilipoamka akaendelea pale pale alipoachia.

"Huko kwao wamekwenda kupumua," alisema. Akageuza ubapa kwenye taa, akasoma jina la nchi, herufi ya mwisho imekaa upande kidogo. "Vya nje ni vya nje tu, mama. Huku kwetu nani angeweza kutengeneza hivi?"

Mama Bucha alikubali kwa kichwa, akauliza mifupa aiweke wapi.