Mfuko Ulioshonwa

Cherehani ilipita mara mbili juu ya mdomo wa mfuko wa sketi, kisha fundi akakata uzi kwa meno. Mfuko wa pili ukafuata.

"Mama, usizibe," binti yake alisema, akiruka kizingiti kwa mguu mmoja. "Kile kifungo cha mfukoni kinanishika."

"Kifungo hushika nguo, hakishiki mtu. Hebu tulia!"

Mtaani walimwita Tiara, kwa sababu hatui. Ukimtuma chumvi, anarudi na paka. Majirani walimkumbusha fundi kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Basi mtoto alipopoteza sweta, mama akamchapa, wakalia wote wawili, na sweta haikurudi.

Jana mwalimu mkuu alikuwa amemwambia mbele ya wazazi wengine: akisumbua darasa tena, kaa naye nyumbani. Mwalimu wa darasa akaongeza kwamba mkono wa mtoto hautoki mfukoni, kutwa anachezea kifungo. Fundi alirudi na dawa yake kichwani. Mfuko ukizibwa, mkono utashika kalamu.

Asubuhi hiyo Tiara alikwenda shule akipapasa mapaja, vidole vikitafuta pa kuingia. Jua halijakolea akarudi, mwalimu wake nyuma amembebea mkoba.

"Leo imekuwa balaa, mama. Kachana daftari la mwenzake, kapanda dawati, kamwaga ndoo ya maji. Mimi simchukii, lakini mkuu ameshasema. Basi tena."

"Na juzi, mwalimu? Juzi alikuwaje?"

Mwalimu alifikiri. "Juzi alikaa. Alichezea kifungo chake, lakini alikaa."

Fundi alipokea mkoba, mwalimu akaondoka. Hakuwa na wa kumlaumu ila mikono yake.

Akamsimamisha binti mbele ya cherehani, akachukua wembe, akaanza kufumua. Alikuwa ameshona kazi ya kudumu, ile anayosifiwa nayo, na uzi ulikataa kutoka. Paja la mtoto lilitetemeka chini ya wembe.

"Kesho nitakaa, mama. Wallahi nitakaa."

"Tulia, mwanangu, nisikukate."

Mfuko ulipofunguka, fundi akatumbukiza kifungo kikubwa cha koti. Mkono ukakifuata. Mguu ukatulia.

Ng'ambo ya barabara kengele ya shule ililia, na darasa likaanza kusoma kwa sauti moja. Tiara alisimama palepale, akisoma pamoja nao.