Panga Nyuma ya Mlango wa Mzee Silima

Mzee Silima alikuwa ameufunga mlango kwa komeo, panga mkononi, na mkewe Bi Mwanabaraka yumo ndani naye. Sauti ya bibi ilisikika kutoka ndani, "Silima, n'nakuomba."

Nesi Rahila wa kituo cha afya cha Chokocho alifika mbio pamoja na Daktari Moosa. Majirani walikuwa wamejaa uwanjani, kila mmoja na lake: huyu anasema shetani kampanda, yule anataka mlango uvunjwe. Rahila alijua ni nini. Tangu asubuhi gari za askari zilikuwa zikipita, maana uchaguzi wa marudio ulikuwa umekaribia, na mzee, ambaye maradhi ya kusahau yalikuwa yakimla akili mwaka wa pili sasa, alikuwa amerudi kwenye ule mwaka wa maandamano, mwanawe Bakar alipokuwa akisakwa na askari nyumba kwa nyumba.

"Hamumpati!" alinguruma. "Atakayeingia namkata!"

"Mzee, ni mimi Rahila, nesi. Hakuna anayemtaka Bakar. Bakar yuko Mombasa miaka mingi, ana watoto wake."

Lilikuwa kosa, na alilijua kabla hajafunga mdomo. Kishindo kikatikisa ubao wa mlango. "Mumeshamchukua! Mumempeleka wapi mwanangu?" Ndani, Bi Mwanabaraka akapiga ukelele.

Daktari Moosa akafungua mkoba, akatoa sindano. "Tuvunje mlango, vijana wamshike, nimchome alale. Tukingoja atamuua mkewe."

"Tukivunja, si ndiyo tutakuwa wale anaowaogopa?"

"Rahila, hayo ni ya darasani."

Wote wawili walikuwa wametoka Chake Chake wiki ile ile, kwenye mafunzo ya kuwasaidia wagonjwa wa kusahau wabaki na yale wanayoyaweza. Mkufunzi wao, Bi Khairiya, aliwakataza kubishana na mgonjwa: mfuateni aliko, alisema, kisha mpeni kazi ambayo mikono yake inaijua, maana mikono husahau mwisho. Lakini darasani hapakuwa na panga.

"Nipe muda kidogo," Rahila alisema. "Nikishindwa, vunja."

Aliwaomba majirani warudi nyuma ya ua. Akavua koti lake jeupe. Ukutani palikuwa na dema la kuvulia samaki, limetoboka, na fito za kulitengenezea. Akalivuta, akaketi chini mbele ya mlango kabisa, pasipo pa kukimbilia, akaanza kulisuka, vibaya.

"Mzee," aliita, "askari wameshapita. Njia nyeupe. Lakini dema hili limenishinda."

Akauinua ufito mmoja mbele ya mlango.

"Ufito huu mrefu, na sina cha kukatia."

Komeo likalia. Mlango ukafunguka, mzee akatoka, panga liko juu, macho mekundu. Moosa akapiga hatua mbele. Rahila akamnyooshea kiganja: usije. Kivuli cha panga kilimpita usoni.

"Nani kakufunza kusuka hivi?" mzee aliuliza.

"Sijafunzwa. Nifunze."

Mzee akachuchumaa. Panga likashuka, likakata ufito. Kisha akaliweka chini ili asuke kwa mikono miwili. Rahila akalisukuma nyuma kwa unyayo, taratibu. Ndipo Bi Mwanabaraka alipotoka, kanga imeraruka begani, mkono umevimba, akaketi kizingitini akilia bila sauti. Moosa akairudisha sindano mkobani, akaenda kumtazama mkono.

Mzee hakupona, maradhi yale hayaponi. Lakini Rahila na Moosa walikwenda kila wiki, wakamfunza Bi Mwanabaraka asimfanyie kila kitu: ampe kata ya maji, asimame pembeni, amwache atawadhe mwenyewe hata akikosea. Asubuhi nyengine mzee hakumjua mkewe, akamwita mama.

"Labeka," aliitika bibi, akamkabidhi kata.