Ni Ndege, Sio Mimi

Kaka yangu alianguka katikati ya mstari wa mizabibu, wimbo ukiwa mdomoni, na sisi tuliokuwa nyuma yake tukaendelea kuitikia.

Ilikuwa asubuhi ya mavuno. Kijijini kwetu zabibu za shamba la pamoja hukatwa siku moja, watu wote wakiwepo, na kukata huko ndiyo sherehe yenyewe. Anatangulia mwimbishaji, anafuatwa na mpiga zeze na wapiga ngoma, kisha wanakuja watu na mikasi na makreti yao, mstari baada ya mstari, mpaka mwisho wa shamba ambako masufuria ya wali na nyama yanachemka. Mwimbishaji anatupa neno, wakataji wanaitikia. Inasemekana wimbo uliwekwa ili midomo iwe na kazi, maana mdomo unaoimba hauli zabibu. Kaka alikuwa akisema aliyebuni hilo hakuwajua wanawake wa kijiji hiki.

Yeye ndiye alituimbisha tangu nikiwa msichana mdogo. Jina alilozaliwa nalo hata Mama aliacha kuliita. Kwa kila mtu alikuwa Manju. Alianza na maneno ya kufungulia, ambayo aliyakuta kwa waliomtangulia.

"Shoga, kreti lako mbona jepesi?"

"Ni ndege, ni ndege, sio mimi!"

"Na mdomo wako mbona mwekundu?"

"Ni ndege, ni ndege, sio mimi!"

Baada ya hapo yalikuja ya kwake mwenyewe, anayatunga palepale huku akimkazia mtu macho. Hakuna aliyesalimika. Alimwimba mwenyekiti na suruali yake mpya. Mpishi alimwimba kila mwaka kwa ajili ya chumvi. Hata mimi aliniimba, kuhusu yule bwana aliyeniposa kisha akaondoka bila kuaga. Watu walicheka hadi mikasi ikawaponyoka, na mimi nikajikuta nacheka, nikapona.

Alikuwa na mchezo mmoja. Akifika katikati ya mstari ananyamaza. Zeze linaendelea, ngoma zinaendelea, na sisi tunauitikia ukimya wake mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha anachomoza kwenye majani na neno kali kuliko yote, la kumvua mtu nguo hadharani. Kwa hiyo siku ile aliponyamaza hakuna aliyeshtuka. Tuliitikia tukicheka. Mpishi akapiga kelele kutoka kwenye masufuria, "Leo anamnolea nani huyu? Jamani, chumvi nimepunguza!" Tukaitikia tena. Mpiga zeze, rafiki yake wa tangu utoto, ndiye aliyejikwaa kwenye miguu ya Kaka.

Daktari alisema ni moyo. Alisema hata angeangukia mlangoni pa hospitali asingewahiwa, na mpaka leo sijui kama alisema kweli au alinionea huruma.

Tukazika. Mvua ikanyesha, zabibu zilizobaki zikapasuka kwenye waya, nyuki wakazifanyia sherehe yao.

Mama aliubeba msiba vizuri, watu wakamsifu. Ni mavuno mengine yalipokaribia ndipo aliponiita jikoni, sinia la mchele mapajani, mkono umesimama.

"Lile Manju alilomwimba marehemu baba yenu alilisemaje?"

"Lipi, Mama?"

"La kofia. Jana nilikuwa nalo. Leo nimeamka halipo." Akapepeta mchele kidogo, akaacha. "Sura ninayo, picha iko ukutani. Maneno ndiyo yanayonitoka. Nitafutie hata moja, mwanangu. Nilisikie siku ya mavuno, lenyewe, kama alivyolisema."

Nikaona ni jambo dogo. Kijiji kizima kilikuwa kimeimbwa. Nani angekosa neno moja?

Nilianza na mpishi. "Mimi?" akasema, na uso ukamchangamka. "Mimi si ndiye nilikuwa mke wake wa nyimboni! Alisema hivi, 'Mama chumvi...' Ngoja. 'Mama chumvi, mumeo...' Ngoja kwanza, wifi." Akaweka mwiko chini, akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi. "Nakumbuka nilivyocheka tu. Kichwa gani hiki?"

Ilikuwa hivyo kila nyumba. Mtu alijua aliimbwa lini, alivaa nini, nani alicheka akaanguka. Neno lenyewe, hapana. Nilirudi kulitafuta la kwangu, la yule bwana. Nikakuta kicheko peke yake.

Fundi simu alinikalisha kibandani kwake, akanifungulia video alizokusanya kwa watu. Zilikuwa nyingi. Kaka alionekana mgongo, mbele kabisa, mdogo kama kijiti. Kila alipogeuka kufungua mdomo, aliyeshika simu alikuwa anacheka au shangazi fulani anapiga vigelegele, halafu kiitikio kinalipuka na spika inakwaruza.

"Watu wanajirekodi wenyewe, dada," alisema kwa upole. "Kiitikio ndicho chao."

Mpiga zeze naye alitazama vidole vyake. "Mimi nilikuwa nasikiliza pumzi yake, nijue pa kupiga. Maneno niliyaacha yapite. Nilidhani yatakuwepo tu."

Kamati ilitaka kukodi spika kubwa ili tusihangaike. Mama akakataa. "Spika inamjua nani hapa?" Siku ya mavuno akavaa kitenge chake cha sherehe, akawekewa kiti mwisho wa mstari wa kwanza, karibu na masufuria. Mimi nikasukumwa mbele. "Damu ni ileile," mwenyekiti alisema. "Yatakuja yenyewe."

Niliimba la kreti. Wakaitikia kwa nguvu, wengine wakitabasamu kunitia moyo. Nikaimba la mdomo. Wakaitikia. Zeze likanizungukia, likaniachia nafasi, nami nikamtazama mpishi. Nilijua ni chumvi. Nilijua kila kitu isipokuwa neno. Nikamtazama mwenyekiti na suruali yake, ambayo sasa imechakaa.

Watu wakaitikia ukimya wangu. Wakasubiri, wakaitikia tena, sauti zimepungua. Mara ya tatu waliitikia wachache, na mtu mmoja akakohoa. Ngoma zikanyamaza. Mikasi ikanyamaza.

Mama peke yake ndiye aliyeendelea. Alikuwa anapiga makofi madogo mapajani, macho yakiwa kwenye majani katikati ya mstari, uso umetulia. "Ni ndege, ni ndege, sio mimi." Anasubiri kidogo. "Ni ndege, ni ndege, sio mimi." Mpiga zeze alimfuata kwa uzi mmoja, kwani angemwachaje peke yake? Mpishi alijifunika uso kwa kanga. Moshi wa nyama ulipita katikati yetu, na wengine wakatazama chini kama watoto waliovunja chungu.

Nilitembea mpaka kwenye kiti, nikapiga magoti. "Mama. Basi."

"Ngoja," akasema, bila kunitazama. "Huyu huwa anakawia."

Nikangoja. Nikashika goti lake, akaitikia mara nyingi sijui ngapi, mpaka sauti ikamkauka, na mpishi akaleta maji. Akanywa. Akaniuliza kama ng'ombe wamepewa majani. Fundi simu akampakia kwenye pikipiki yake taratibu, mimi nyuma nikimshikilia, tukamrudisha nyumbani. Kijiji kilikata zabibu mpaka jioni, nikaambiwa, na chakula kingi kilibaki.

Siku hizi zabibu zinakatwa bila wimbo. Muziki unafunguliwa mchana, watu wakishakula. Mama hashuki shambani, nami nakaa naye. Jioni mpishi hutuletea kichala kimoja kwenye sahani. Mama anakula punje mbili tatu, zinazobaki nawapa kuku.