Jina la Maman Marie-Louise

Adélaïde alikuwa akipiga pasi gauni la komunio, nyumbani kwake Cimpunda, mama yake alipoingia, akavua viatu vyenye udongo wa Katana na kuketi karibu na cherehani. Huko Katana ndiko alikozikwa. Lakini neno la siri la ukurasa ambako Adélaïde huonyesha nguo zake mtandaoni lilikuwa marielouise, na kila lilipoandikwa, mwenye jina aliitika na kuja. Majirani walimsalimu, wakampisha njiani.

Siku hiyo alikuwa akihema.

"Mutoto, unaniita sana. Sijafika ata kaburini, naitwa tena."

"Maman, tangu asubuhi sijagusa telefone."

Mama akajisugua magoti. "Basi njo maana napitiaka kwa Venant kwanza. Anaandikaka jina yangu, anaingia mu nguo zako."

Venant, mtoto wa shangazi yake Adélaïde, alikuwa fundi cherehani pia, na aliongoza kwaya ya parokia. Wateja wa Adélaïde walipoandika, yeye ndiye aliyewajibu humo ukurasani, akawaelekeza kwake mwenyewe. Msimu mzima wa komunio, Adélaïde alikuwa amebakiwa na gauni hilo moja.

"Badirisha ile neno," mama akasema.

"Nikibadirisha, hautakuja tena."

"Na utakula nini? Jina yangu, ata mbwa ya Venant inaijua. Weka maneno yenye hayajakutanaka."

Enzi zake mama alikuwa mwalimu. Alifumba macho, akatamka polepole kama anayetoa imla: mbuzi, mwavuli, sambaza, askofu. Adélaïde aliandika akilipenda kila moja, hata sambaza, dagaa wa ziwani. Hayakuwa na ukoo, wala ubatizo, wala mwaka wa kuzaliwa. Yalishikana kama mshono wa ndani, usioonekana na usiofumuka. Mama akavaa viatu, akaondoka.

Tangu hapo, Adélaïde akifungua ukurasa, mbuzi huingia chini ya mwavuli, nyuma yake askofu akibeba sahani ya sambaza. Wote hungoja mlangoni mpaka yeye amalize kazi. Wateja wapya walianza kuja. Wale wa zamani walibaki kwa Venant, naye kila Jumapili humpa mkono baada ya misa.

"Dada, kazi inaenda?"

"Inaenda, kaka."

Alhamisi moja, mchana, mama aliingia tena, akavua viatu.

"Venant," akasema. "Bado anaandikaka jina yangu, ameongeza na mwaka yenye nilizaliwa. Mulango yako inamukatalia tu."

"Atachoka?"

"Ule? Hapana."

Adélaïde akabandika chai, akamsogezea mama kiti.